Famasi ya zamani mjini Moshi: acheni kuzipiga saruji kuta za chokaa

Wiki iliyopita tena. Mzee mmoja kanipigia, ana jengo mjini kati hapa Moshi, zamani lilikuwa famasi, shikamoo haijaisha vizuri ananiambia "fundi, ukuta umeoza, nimepiga plasta ya saruji mara mbili na bado unatoa maji, si tulivunje tu". Nikamuuliza, mzee wangu, kabla ya saruji ulikuwa unatoa maji? Kimya. Alafu akasema hapana, ulikuwa unapukutisha vumbi kidogo kwa chini.

Kha! Hii stori naisikia mpaka naiota.

Watu wameshika kwamba saruji ni ngumu kuliko chokaa kwaiyo inaimarisha jengo. Ngumu ni kweli, kuimarisha hapana. Hizo kuta ni mawe na chokaa, chini hazina nailoni wala kitu chochote cha kuzuia unyevu, na aliyejenga alijua hilo: maji yanapanda kidogo toka ardhini, yanatokea kwenye plasta ya chokaa, upepo unayakausha, basi. Wewe unakuja na saruji alafu juu unaweka rangi ya mafuta, umeuziba ukuta pua. Maji hayaachi kupanda, yanatafuta njia, leo yako kwenye goti kesho yako kifuani, na yanabeba chumvi, ile chumvi ikikauka nyuma ya plasta inakuwa punjepunje inasukuma, plasta inavimba kama chapati na ikibanduka inaondoka na kipande cha ukuta. Na saruji kwenye ukuta laini haikosi vinyufa, masika ya Machi mpaka Mei mvua inapenya humo na kutoka haiwezi.

Nilienda na tindo nikagonga, sauti tupu kama debe. Kipande kikashuka chote, ukubwa wa meza, nyuma yake chokaa ya zamani imekuwa uji. Karibu na dari ambako fundi wa saruji hakufika, chokaa ile ile ni kavu, ukikwaruza na msumari inatoa vumbi jeupe tu. Ukuta ni mmoja huo huo jamani.

Dawa yake: bandua saruji yote, uache ukuta upumue miezi kadhaa (najua hamna subira, vumilieni). Chukua chokaa ya Tanga, iloweke kwenye pipa wiki mbili, changanya moja kwa tatu na mchanga wa mto uliochekechwa, piga matabaka membamba, funika na gunia bichi siku kadhaa maana chokaa haigandi kwa kukauka, inavuta hewa ya ukaa taratibu ndo inarudi kuwa jiwe, jua likiiwahi inakuwa unga. Na fundi akikwambia "tuongeze saruji kidogo ishike haraka", mlipe nauli arudi kwao. Ila kabla ya yote angalia gata na mtaro, kesi nyingi zinaanzia hapo.

Mengine watu waliyoshika vibaya kuhusu majengo ya zamani nayapitia haraka. Eti jengo la zamani serikali inalilinda yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, mji huu wa sasa umekua na reli iliyofika 1911, kwaiyo karibu mjini kati kote tuko nje ya ulinzi huo mpaka waziri atangaze jengo fulani. Mlinzi ni mwenye nyumba.

Eti ni la Wahindi, sio urithi wetu. Hayo mawe nani aliyabeba? Na toka 1971 majengo mengi ya mjini yalitwaliwa na serikali, yakawa chini ya ofisi yake ya Msajili wa Majumba, baadae Shirika la Nyumba la Taifa, yaani wenyewe tumeyapanga na kuzalia humo miaka 50 na zaidi.

Eti ukibakisha ukuta wa mbele na mwaka ulioandikwa pale juu umetunza urithi. Hapo umetunza picha. Famasi ya enzi zile dawa ilichanganywa palepale kaunta, kwa kinu na mchi, ndo maana kuna droo ndogondogo zenye majina ya Kilatini yaliyofupishwa, kabati la sumu lenye kufuli, na zile chupa za sumu za bluu au kijani zenye matuta, zilitengenezwa hivyo ili mkono uzijue hata gizani. Ukitupa hayo ukabakiza ukuta, hata ingekuwa duka la viatu nani angejua?

Mzee kanisikiliza yote, mwisho kaniuliza ile kaunta ya mninga akiiuza atapata shingapi. Nimemwambia asiiguse, Jumamosi nakuja na tindo, yeye atangulize fundi gata.