Betri ya pikipiki inayokufa kila asubuhi: pima kabla ya kununua

Stata ikikataa asubuhi, wamotari wengi wa Goma, yaani waendesha pikipiki za abiria, hung'oa betri na kwenda nayo mtaa wa Birere kutafuta nyingine. Baada ya wiki chache, hiyo mpya nayo imekufa. Sisi tunaofundisha umeme wa pikipiki tunaumia kuona hivyo, maana ile pesa ilikuwa ya ada au ya chakula, na mara nyingi ugonjwa haukuwa kwenye betri.

Tafuta multimeta, yaani kifaa cha kupimia umeme, hata ya bei ndogo inatosha. Acha pikipiki ilale usiku mzima, kisha pima vichwa vya betri. Betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha, basi ichaji kwanza ndipo uihukumu. Ndani yake mna vyumba 6, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei. Kwa hiyo betri iliyochajiwa vizuri ikibaki kwenye 10.5, shuku chumba kimoja kimekufa, na hapo kununua ni haki. Nyingine husoma vizuri ikiwa imetulia, lakini ukibonyeza stata inaanguka chini ya 9.6. Hiyo nayo imechoka.

Kama betri ni nzima, angalia inavyochajiwa. Washa injini, vuta gesi kiasi, pima tena. Volti zipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, umeme haufiki: anza na soketi na waya, kwa kuwa soketi iliyoungua ni rahisi kutengeneza, kisha regileta (kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji), kisha koili zinazozalisha umeme. Zikipita 15, regileta imeshindwa kuzuia na betri inachemka hadi maji yake yanakauka. Kwa betri ya kufunguliwa, ongeza maji ya betri tu, yaani yaliyoondolewa madini, si asidi. Maji ya Ziwa Kivu au ya bomba yana madini yanayoharibu bamba. Iliyofungwa kabisa usiifungue.

Barabara zetu za mawe ya lava zina mchango wao. Mtikisiko hulegeza nati za vichwa vya betri na kupukutisha bamba za risasi zilizo ndani, kwa hiyo mkanda wa betri ukikatika, funga mwingine siku hiyohiyo. Kazi yenyewe pia huibana betri: safari fupi za Katindo hadi Majengo, stata kila mara, injini ikinguruma polepole huku taa inawaka na simu inachaji. Hapo kinachotoka kinaweza kuzidi kinachoingia. Tumia kiki mara nyingi uwezavyo, na simu uichaji ukiwa mwendoni.

Umeme unaovuja usiku ndio unaosahaulika zaidi. Zima funguo, chomoa waya wa hasi, weka multimeta kwenye ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usiguse stata wala funguo, utaunguza fyuzi ya multimeta. Pikipiki isiyo na alamu isizidi miliampea chache. Ukikuta 50, betri ya ampea-saa 5 (inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa 5) itaisha kwa saa 100, yaani siku 4 hivi. Iliyochakaa haifiki hata huko. Chomoa kimoja kimoja vitu vilivyoongezwa: alamu, redio, taa za ziada, chaja ya simu. Namba ikishuka ghafla, umemkamata mwizi.