Polisi wakishachukua alama zako za vidole ama DNA, zinakaa kwa nani na mpaka lini?

Kila tukikaa na watu hapa Malindi, iwe baraza ya Muyeye ama ofisini kwetu kwa msaada wa sheria, hili swali halikosi kutoka. Kijana kashikwa kwenye msako, kapigwa alama za vidole, kesi ikaanguka ama hata mahakamani hakufika, sasa zile alama zake zimeenda wapi? Siku yenyewe haulizi mtu, manake siku hiyo unachotaka ni kutoka tu uende nyumbani ukaoge. Swali huja baada ya miaka, wakati unatafuta cheti cha tabia njema uende Qatar ama upate kazi kwenye hoteli ya Watamu, ndo hapo uko kwenye laini vidole vinapakwa wino tena, kimoja kimoja kinaviringishwa kwenye fomu kutoka upande huu wa kucha mpaka upande ule, na moyo unakudunda hujui jina litatoka safi ama kuna kitu cha zamani kimekungoja.

Sisi hatuwapingi polisi kuchukua alama. Ukiwa chini ya ulinzi wao kihalali sheria inawaruhusu, na tunawaambia vijana wasigombane na askari kwa hilo, utajiletea kesi juu ya kesi. Lakini kuchukua ni jambo moja na kukaa nazo ni jambo jingine kabisa, na hili la kukaa nazo ndo watu hawalipigii hesabu.

Na DNA, yaani zile chembe za urithi zilizo mwilini mwa kila mtu, ina faida kubwa, tusiifiche. Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester kule Uingereza ndiye aligundua njia ya kutambua mtu kwa DNA. Miaka miwili baadaye polisi wa huko walikuwa wamemshika kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa keshakiri kuua msichana mmoja, DNA ikapimwa ikaonekana si yeye, akaachiliwa, na muuaji wa kweli, Colin Pitchfork, akahukumiwa 1988. Kwa hiyo kazi ya kwanza kubwa ya DNA kwenye upelelezi ilikuwa kumtoa mtu asiye na hatia. Hapa kwetu tumeiona kwa macho yetu baada ya mkasa wa msitu wa Shakahola mwaka 2023, wa wale waumini waliofungishwa mpaka wakafa, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, jamaa wakaja Malindi kutoka kila pembe ya Kenya kutoa sampuli, na Machi 2024 ndo familia za kwanza zikaanza kukabidhiwa miili ya watu wao wakazike. Bila DNA wengi wale hata majina wasingerudishiwa.

Sasa hapo hapo kuna swali linatuuma. Wale jamaa hawakuwa washukiwa wa kitu chochote. Walikuja na huzuni yao, wakafungua mdomo, kijiti chenye pamba kikasuguliwa ndani ya shavu, kikatiwa kwenye bahasha kikaandikwa namba. Walitoa kwa sababu moja tu, kumpata mtu wao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data iliyochukuliwa kwa kazi fulani isije ikatumiwa kwa kazi nyingine isiyolingana na ile ya kwanza, na DNA na alama za vidole zote zimetajwa kwenye sheria hiyo. Kwa hivyo mama aliyetoa mate yake akimtafuta mwanawe ana haki kamili ya kuuliza yale mate yako wapi leo, na akiuliza asionekane mkorofi.

Hapa lazima mtu aelewe tofauti ya vitu viwili, profaili na sampuli. Maabara hawasomi DNA yako yote, wanasoma sehemu chache tu, kule Marekani kwa mfano sehemu za msingi ni 20, halafu zinaandikwa kama safu ya namba na hiyo ndo profaili inayoingia kwenye kompyuta. Profaili ni kama namba ya mlango, yasema nyumba ni ya nani basi. Lakini ile pamba yenyewe, sampuli, ndiyo nyumba nzima na kila kilichomo ndani: kama una seli mundu, ambayo hapa Pwani familia nyingi zaijua vizuri, kama huyo unayemwita baba ndiye baba kweli, mambo ambayo mengine hata wewe mwenyewe huyajui na pengine hutaki kuyajua. Ndo maana tunasema hata pale profaili inapobaki kwa sababu ya maana, sampuli haifai kuwekwa miaka na miaka.

Tena DNA si yako peke yako. Nusu yatoka kwa mama nusu kwa baba, ukihifadhiwa wewe wamehifadhiwa na ndugu zako, na binamu pia kidogo, na hapa Malindi mtu ana binamu kila mtaa, Lamu ndo usiseme. Mwaka 2018 polisi wa California walimshika Joseph DeAngelo kwa mauaji ya miaka ya 70 na 80 bila DNA yake kuwemo kwenye databesi yao, walichukua ile DNA ya muuaji iliyobaki pale penye uhalifu, wakawapata jamaa zake wa mbali walioweka DNA zao wenyewe kwenye mtandao wa kutafuta koo, wakafuata ukoo mpaka wakamfikia. Yule alistahili kushikwa, na alikiri. Lakini wale jamaa hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kuwa njia ya polisi kupita.

Wazee wakituambia "kama huna hatia waogopa nini" huwa nawajibu kwa heshima, manake kuna historia tunaijua sote. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimishwa na wakoloni kubeba kipande, ile hati ya kumtambulisha, alama zake za vidole zimo humo, kwenye kikebe kinaning'inia shingoni. Kosa lao lilikuwa gani? Na alama zenyewe husomwa na binadamu, binadamu hukosea. Mwaka 2004 baada ya mabomu ya Madrid, FBI walisema alama iliyopatikana kwenye mfuko wa plastiki kule Uhispania ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, kwa sababu alama zake zilikuwemo kwenye databesi na zilifanana. Akawekwa ndani kama wiki mbili hivi. Polisi wa Uhispania wakaonyesha alama ile ni ya mtu mwingine kabisa, FBI wakaomba radhi, na 2006 serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2. Mtu ambaye hayumo kwenye databesi hawezi kuangukiwa na kosa la namna hiyo.

Kesi ambayo ningetaka kila mtu aijue ni ya S na Marper dhidi ya Uingereza. S alikuwa mtoto wa miaka 11 alipokamatwa Januari 2001 kwa madai ya kujaribu kuiba kwa nguvu, korti ikamwachilia huru. Michael Marper alikamatwa Machi mwaka huo huo kwa madai ya kumsumbua mpenzi wake, wakapatana, kesi ikafutwa. Wote wawili wakaomba alama zao na sampuli zao ziharibiwe, polisi wakakataa, wakapigania korti zote za kwao wakashindwa, mpaka wakafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 4 Desemba 2008 majaji 17 kwa kauli moja wakasema hapana, kuweka DNA na alama za kila mtu aliyeshukiwa lakini hakuhukumiwa, bila kujali kosa lilikuwa dogo ama kubwa, bila kujali umri, na bila mwisho, ni kuvunja haki ya maisha binafsi. Wakasema jambo jingine ambalo mimi nalipenda sana, kwamba mtu ambaye sheria yamhesabu hana hatia akiwekwa rafu moja na waliohukumiwa, hilo peke yake ni doa kwake. Uingereza ikabidi ibadilishe sheria mwaka 2012, profaili zaidi ya milioni 1.7 zikafutwa na sampuli zaidi ya milioni 7 zikaharibiwa, na polisi wao wanaendelea kushika wahalifu kwa DNA mpaka leo.

Hukumu ya Ulaya haiifungi Kenya, sawa, lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Katiba yetu kifungu cha 31 chalinda faragha. Mnakumbuka zile laini za Huduma Namba 2019, ule usajili wa kila mtu nchini? Sheria ilikuwa imefungua mlango serikali ichukue hadi DNA ya kila mwananchi, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kipengele cha DNA kinaingilia mno faragha na hakina ulazima, ni kinyume cha Katiba. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 36, imeshaeleza wazi wazi: mshtakiwa akihukumiwa sampuli zake zinawekwa, akiachiliwa huru korti iamuru ziharibiwe. Kama inawezekana kwa makosa mazito namna hiyo, kijana aliyeshikwa kwa kutembea usiku mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi yeye awekwe milele kwa nini?

Basi fanya hivi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Kulinda Data chasema data ya mtu isiwekwe kupita muda unaohitajika kwa kazi yake, na cha 40 chakupa haki ya kuomba ifutwe kama anayeiweka hana tena ruhusa ya kuiweka. Watakwambia kuna misamaha ya usalama wa taifa, ndiyo ipo, lakini waeleze inakuhusu wewe vipi. Kama korti ilikuachilia, nenda masjala ya mahakama uombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa, weka kopi ya kitambulisho na namba ya OB (kile kitabu cha matukio cha polisi) kama unayo, halafu andika barua kwa OCS, yaani mkuu wa stesheni uliyoshikwa, na nyingine kwa DCI, idara ya upelelezi, Nairobi wanakoweka rekodi. Uliza mambo manne tu: mna nini changu, mnakiweka kwa sheria gani, mpaka lini, na naomba mkifute. Kingereza si lazima, Kiswahili ni lugha rasmi. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri na tarehe kabla hujatoka pale. Wakinyamaza ama wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, wana ofisi Mombasa, na sheria inawapa siku 90 kuchunguza na kumaliza, na ile nakala yenye muhuri ndiyo watakayokuuliza kwanza.