Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuhifadhi Historia ya Mji

Dhana inayotugharimu zaidi sisi tunaotunza nyaraka za jumuiya ya historia ya mji ni ile isemayo kwamba waraka ukishapigwa picha au kuskaniwa, karatasi yenyewe haina kazi tena. Huletwa na watu wenye nia njema kabisa, ambao hutukabidhi flashi yenye picha za barua za babu yao, kisha hutueleza kwa fahari kwamba barua zenyewe wamezichoma ili kupunguza mrundikano nyumbani. Hapo uvumilivu wangu hufika ukingoni.

Ukweli ni kwamba picha hubeba hasa maandishi, na maandishi ni sehemu moja tu ya ushahidi. Aina ya karatasi na wino, chapa iliyojificha inayoonekana karatasi ikimulikwa kwa nyuma, mhuri wa posta kwenye bahasha, na majina yaliyoandikwa kwa penseli nyuma ya picha, hivyo ndivyo vinavyotuwezesha kujua waraka ni wa lini, umepitia mikono ya nani, na kama ni halisi au wa kughushi. Mpangilio nao ni ushahidi: risiti iliyofungwa pamoja na mkataba wa kiwanja huthibitisha jambo ambalo ikiwa peke yake haiwezi kulithibitisha, na mtu anayeskani kwa haraka huanza kwa kulivunja fungu hilo.

Isitoshe, data za kidijitali huzeeka upesi kuliko karatasi nzuri. Mwaka 1986 BBC ilizindua mradi wa Domesday kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ile orodha ya ardhi na mali za Uingereza iliyoandikwa mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, walichangia maelezo na picha za maeneo yao, na vyote vikatiwa kwenye diski za leza. Kabla miaka 20 haijapita, mashine za kuzisoma diski hizo zilikuwa zimeadimika kiasi kwamba wataalamu walilazimika kufanya kazi maalumu ya kuziokoa data, ilhali kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 bado kinasomeka.

Sisemi watu wasiskani. Nakala huupunguzia waraka kushikwashikwa na huwafikia wasomaji walio mbali. Ila iskaniwe ipasavyo, kwa dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi) kwa hati na 600 kwa picha ndogo, ihifadhiwe katika TIFF, muundo wa faili usiopunguza ubora wa picha, na ziwepo nakala tatu katika vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imekwisha kubanwa na kupungua ubora, kwa hiyo naomba faili la asili, tena lenye majina ya waliomo, kwa kuwa faili linaloitwa kwa tarakimu tupu hatuwezi kulitumia.

Dhana ya kwamba hati ikitiwa laminesheni imelindwa nayo ina madhara yake. Plastiki ikishaganda kwa joto na gundi, ni nadra kuibandua bila kuichana karatasi, na karatasi yenye asidi, kama zilivyo nyingi zilizotengenezwa kwa mbao tangu katikati ya karne ya 19, huendelea kuchakaa humo humo ndani. Mfuko wa plastiki angavu ya poliesta ulioachwa wazi upande mmoja unatosha. Selotepu nayo ikae mbali.

Glavu nyeupe za pamba, zinazopendwa sana na watengeneza filamu, huvipunguzia vidole hisia na kuzifanya kingo za karatasi zichanike. Mikono iliyooshwa na kukauka vizuri ni bora, isipokuwa kwa picha, negativu na vitu vya metali, ambavyo huharibiwa na mafuta ya ngozi. Wala si kweli kwamba tunataka vitu vikongwe au vya watu mashuhuri pekee: ratiba ya mabasi ya mwaka jana na daftari la mahesabu ya duka lililofungwa juzi ni mali kwetu, na mara nyingi hakuna mwingine aliyezihifadhi.

Mwisho, wengi huamini kwamba anayetukabidhi picha ametukabidhi na hakimiliki. Kumiliki kitu na kumiliki haki ya kukichapisha ni mambo mawili, na haki hiyo kwa kawaida hubaki kwa mpiga picha au warithi wake kwa miongo mingi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha miaka 25 kwa picha na miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi kwa kazi nyingi nyingine. Kwa sababu hiyo tunamtaka mtoaji asaini fomu ya makabidhiano inayotaja kitu kimetoka wapi, nani alikipiga au kukiandika, na tunaruhusiwa kukifanyia nini, na kwa sababu hiyo hiyo masanduku yanayoachwa mlangoni usiku bila jina hayatusaidii.