Ukuta wa aota ni hai: tuulinde usipasuke

Aota ndiyo mshipa wa damu mkubwa kuliko yote mwilini. Ikishuka tumboni, upana wake kwa kawaida ni kama sentimita 2. Ukuta ukidhoofika hutanuka, na upana ukifikia sentimita 3 tunaita aneurisimu. Wengi huishi nayo miaka mingi bila kuhisi chochote, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu ikipasuka wengi hufariki, baadhi kabla ya kufika hospitali.

Ukuta huo si bomba tu. Katikati yake zimo seli za misuli laini, ambazo pia hutengeneza kolajeni na elastini, nyuzi zinazoupa uimara na uwezo wa kuvutika. Kazi hiyo inahitaji nishati, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwenye mitokondria, vinu vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli. Penye aneurisimu, mitokondria huonekana zimezorota. Seli huegemea zaidi kuvunja glukosi kwa njia ya haraka isiyopitia humo, hujaa kemikali zinazoziunguza zenyewe, na nyingine hufa. Seli za kinga nazo huvamia na kumwaga vimeng'enya vinavyokatakata elastini, na mwili wa mtu mzima hauwezi kuirudishia ilivyokuwa.

La kushangaza, wenye kisukari huipata aneurisimu ya tumbo kwa nadra zaidi, na kwao hukua polepole. Huenda metformini, dawa ya kisukari inayogusa mitokondria, inachangia. Majaribio kwa wasio na kisukari yanaendelea. Tafadhali usiinunue kwa ajili hiyo. Bado hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzuia aota isitanuke. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria iliyotumainiwa sana, haikufua dafu katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020.

Kinachosaidia leo ni kuacha sigara, maana hakuna kitu unachoweza kukiepuka kinachoiharibu aota kuliko hicho, na kudhibiti shinikizo la damu. Mwanamume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta, hata kama aliacha zamani, aulizie kipimo cha ultrasaundi ya tumbo. Hakiumi na huchukua dakika chache. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua amweleze daktari. Aneurisimu ndogo hupimwa tena na tena. Ikifika sentimita 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, upasuaji huzungumzwa.

Maumivu makali ya ghafla tumboni au mgongoni, pamoja na kizunguzungu au kuzimia, yasisubiri kupambazuke. Mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo.