Kitabu cha yizkor ni nini?

Kitabu cha yizkor ni kitabu cha kumbukumbu ya mji mmoja, kilichoandikwa na Wayahudi wa mji huo walionusurika Maangamizi ya Wayahudi, yaani mauaji yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakisaidiwa na ndugu zao waliohama kabla ya vita. Wengi wa waandishi hawakuwa wanahistoria. Walikuwa watu wa kawaida waliokutana katika vyama vya watu wa kwao huko New York, Tel Aviv au Buenos Aires, wakachanga fedha na kuandika kila walichokumbuka. Kitabu cha Łódź, mji wa Poland, miongoni mwa vya mwanzo, kilichapishwa New York mwaka 1943, mauaji yakiwa bado yanaendelea. Vingi vilifuata baada ya vita, kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na Kiebrania.

Ndani yake utakuta siku ya soko, rabi na wanafunzi wake, kinyozi, maktaba, timu ya mpira, ugomvi wa vyama vya siasa, hata majina ya utani. Mara nyingi ipo ramani iliyochorwa kwa kichwa tu: hapa sinagogi, hapa mto, hapa kwa mwoka mikate. Kisha zinakuja shuhuda za mauaji, na mwishoni orodha ya waliouawa, familia kwa familia.

Orodha hiyo ndiyo moyo wa kitabu. Kabla ya vita Poland ilikuwa na Wayahudi wapatao milioni 3.3, takriban milioni 3 waliuawa. Waliouawa Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, hawana makaburi yenye majina, na hata makaburi ya zamani hayakusalimika: Wanazi waling'oa mawe yake na kuyatandaza barabarani. Kwa familia nyingi, ukurasa ule ndiyo mahali pekee ambapo jina la bibi limeandikwa na kuheshimiwa.

Ndiyo maana mjukuu anayekwenda kutafuta asili yake hukisoma kabla ya safari. Chukua Eišiškės, mji ulioko Lithuania leo, ambao kabla ya vita ulikuwa chini ya Poland. Wayahudi wake waliuita Eishyshok. Septemba 1941 karibu wote walipigwa risasi kwa muda wa siku mbili. Anayefika leo hawezi kuuliza majirani nyumba ya babu ilikuwa ipi; waliojua hawapo. Maelezo ya walionusurika ndiyo yanayomwongoza.

Hata hivyo, kisomwe kwa uangalifu. Ni kumbukumbu za watu waliofiwa, na mji waliouacha huonekana mtulivu kuliko ulivyokuwa. Tarehe hugongana, na familia ambayo haikubakiza mtu wa kuisemea inaweza kukosekana kabisa. Kwa hiyo majina yalinganishwe na rejesta za vizazi na ndoa zilizohifadhiwa katika nyaraka za taifa. Maktaba ya Umma ya New York imeweka mamia ya vitabu hivi mtandaoni, na watu wa kujitolea wa JewishGen, tovuti ya kutafuta asili za familia za Kiyahudi, wanaendelea kuvitafsiri kwa Kiingereza, sura moja baada ya nyingine.