Skrubu Iliyolika Kichwa: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Gari la rimoti likishinda kwenye mchanga wa ufukweni huko Ilemela, Mwanza, jioni halihitaji kuoshwa tu. Linahitaji kufunguliwa. Hapo ndipo tunapokutana na yule mkorofi wa milimita 3: bisibisi inazunguka, skrubu yenyewe imetulia kama mwamba wa Bismarck. Vijana wa mtaani kwetu huniletea magari yao yakigoma, nami zangu nimeziharibu nyingi kuliko zao. Nimeona kwamba skrubu chache sana huharibiwa na kutu. Nyingi huharibiwa na maneno tunayoambiana.

"Gandamiza kwa nguvu, itatoka tu"

Hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayotuponza. Kwenye skrubu ya nyota, yaani yenye tundu la msalaba, kugandamiza kunasaidia kwa sababu kuta za tundu lake zimelala kidogo, kwa hiyo bisibisi ikizungushwa inataka kupanda juu na kutoka. Lakini skrubu nyingi za magari ya rimoti ya siku hizi ni za aleni, zenye tundu la pembe sita na kuta zilizosimama wima. Huko kugandamiza hakuongezi kitu. Kinachofanya kazi ni aleni yenyewe, yaani ufunguo wa pembe sita, kuingia hadi mwisho na kugusa kuta zote. Ikiingia nusu, nguvu yote ya mkono wako inaishia kwenye ncha za kona, nazo zinalika kama muwa.

Kwa nini iingie nusu? Angalia ulipo. Miamba yetu hii ni ya itale, na mchanga unaotokana nayo umejaa chembe za madini ya kwazi (quartz), ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zinajishindilia ndani ya tundu la skrubu, zinachanganyika na grisi na maji ya ziwa, zikikauka zinakuwa kama saruji. Siku moja kijana alikuja na gari akaapa kwamba skrubu nne za chini zimelika zote. Nilichukua sindano ya kushonea magunia, nikachokoa, nikapiga mswaki mkavu. Aleni ikazama zaidi ya milimita moja kuliko mwanzo. Tatu zikafunguka palepale. Ya nne kweli ilikuwa imelika, maana ndiyo aliyoanza nayo.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, chokoa tundu. Aleni ikiteleza mara ya kwanza, toa mkono. Mtelezo wa kwanza unakuachia kona za kutosha kujaribu njia nyingine. Wa tano haukuachii kitu.

"Nyota ni nyota"

Si kweli, na hapa hata mafundi wazuri wanakosea. Nyota ya kawaida ni ile iliyoenezwa na Mmarekani Henry F. Phillips miaka ya 1930. Japani wana nyota yao, inayofuata viwango vyao vinavyoitwa JIS, na ukiitazama kwa haraka huoni tofauti. Tofauti iko ndani: ncha ya bisibisi ya Phillips ikiingia kwenye nyota ya Kijapani hugusa chini kabla mabawa yake hayajashika kuta vizuri. Unadhani imekaa, kumbe imesimama kwa ncha. Ukizungusha, inapanda na kuchana.

Hili linawahusu hasa wenye magari ya Tamiya, kampuni ya Shizuoka iliyoanza kutengeneza magari ya rimoti mwaka 1976, na wenye vitu vingine vya Kijapani. Tafuta skrubu yenye kitone kidogo kilichochongwa pembeni mwa nyota. Mara nyingi hiyo ni ya JIS. Bisibisi ya JIS inafanya kazi hata kwenye nyota ya Phillips, kwa hiyo ukiwa na fedha ya bisibisi moja tu, nunua hiyo.

"Aleni yoyote, mradi iingie"

Kuingia si kukaa. Magari mengi ya sasa yanatumia vipimo vya milimita: aleni ya 1.5, 2, 2.5 na 3. Lakini baadhi ya magari ya Kimarekani, hasa ya zamani kama RC10 iliyotoka mwaka 1984, yanatumia vipimo vya inchi. Hapo ndipo mtego ulipo. Aleni ya inchi 5/64 ni milimita 1.98. Ukiiweka kwenye tundu la milimita 2 inaingia vizuri kabisa, lakini ina nafasi kidogo ya kucheza. Mbaya zaidi ni kuweka aleni ya milimita 1.5 kwenye tundu la inchi 1/16, ambalo ni milimita 1.59. Huo mwanya, kwenye kitu kidogo hivyo, ni shimo. Na skrubu inayotumia aleni ya 1.5 mara nyingi ni ile isiyo na kichwa inayobana gia ndogo kwenye mota, yaani ile ambayo hungependa kuiharibu kuliko zote.

Jambo la pili ni zile aleni zenye ncha ya duara kama kichwa cha kiberiti. Zimetengenezwa ili uweze kuzungusha ukiwa umeinamisha mkono, mahali pa kubana. Zinagusa kuta kwa ukanda mwembamba tu. Skrubu iliyokazwa ianze kulegezwa kwa ncha iliyonyooka, kisha umalizie na hiyo ya duara ukipenda. Na aleni za bei chee zinazokuja bure na gari, ncha zake zikishaviringika, kata kipande cha mbele kwa jiwe la kusagia uanze upya na kona kali, au zitupe.

"Mimina mafuta, lala, asubuhi itafunguka"

Mafuta ya kupenya yanasaidia penye kutu, na kutu ipo. Kwamba ziwa letu ni la maji baridi haina maana skrubu nyeusi za chuma hazishiki kutu. Zinashika, ila polepole kuliko za pwani. Lakini tazama skrubu imefungwa kwenye nini. Kama imeingia kwenye plastiki, hakuna kutu inayoishika humo. Inashikwa na msuguano wa plastiki yenyewe, na mafuta unayomimina yanaishia kukusanya mchanga. Tena bodi nyingi za magari haya ni za polikaboneti, na watengenezaji wa WD-40 wenyewe wanaonya isipulizwe kwenye plastiki hiyo. Vua bodi kwanza.

Pale skrubu ilipoingia kwenye chuma au alumini, mshikaji mkubwa mara nyingi si kutu wala nguvu ya aliyeifunga. Ni gundi ya skrubu. Ile ya buluu inafunguka kwa vifaa vya kawaida vya mkono. Ile nyekundu, kama Loctite 271, inataka joto la nyuzi 250 hivi ndipo iachie. Wengi huipaka ile nyekundu wakiamini kali zaidi ni bora zaidi, kisha baada ya miezi sita wanakuja kwangu.

Joto ni dawa nzuri basi, ila si la kibiriti cha gesi. Chukua chuma cha kulehemu, kile cha mafundi simu, weka ncha yake ndani ya tundu la skrubu, hesabu dakika moja, kisha jaribu kabla haijapoa. Gundi inalainika, na alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea lenyewe. Betri ya lithiamu iwe imeshatolewa na kuwekwa mbali. Kwenye plastiki usijaribu njia hii: nailoni nyingi zinazotumika kwenye magari haya zinalainika au kuyeyuka kabla gundi nyekundu haijaachia.

Raba ya kufungia noti, ile ya kuweka kati ya bisibisi na skrubu? Imewahi kunisaidia kwenye nyota iliyochubuka kidogo. Kwenye aleni, sijawahi kuona ikifanya kitu isipokuwa kukatika.

Kinachofanya kazi kwenye aleni iliyolika ni Torx, bisibisi yenye ncha ya meno sita, ambayo saizi zake huandikwa T8, T10 na kuendelea. Kwenye tundu la 2.5 gonga T10 kwa nyundo ndogo, kwenye la 2 gonga T8. Zinaingia kwa tabu, na ndivyo inavyotakiwa. Meno yake yanajichimbia kuta mpya. Ila kama chini ya skrubu kuna plastiki, weka kipande cha mbao upande wa pili ili nyundo isipasue chesisi. Na kama kichwa kimejitokeza juu, chonga mfereji kwa msumeno wa chuma, halafu tumia bisibisi bapa pana inayojaa mfereji wote. Au kama kinashikika, kibane kwa plaizi ya kujifunga. Wengi wanaruka hatua hii, wakati ndiyo rahisi kuliko zote.

"Ikifika kwenye drili, gari limekwisha"

Watu wanaogopa drili kuliko wanavyoogopa daktari wa meno. Wanadhani kutoboa ni kuchimba skrubu yote hadi mwisho na kuharibu meno ya tundu. Hapana. Unatoboa kichwa tu. Skrubu ya M3 ina mwili wa milimita 3, kwa hiyo ukiingiza ncha ya drili ya milimita 3 katikati ya kichwa, kikifika kina chake kinakatika na kubaki kwenye drili kama pete. Tundu la aleni lenyewe linaiongoza ncha ikae katikati. Kichwa kikitoka, kile kipande kilichokuwa kimebanwa kinavulika, na mkazo wote wa skrubu unakwisha. Kinachobaki ni kijiti kilichosimama juu, ambacho mara nyingi nimekitoa kwa koleo, na mara mbili nimekitoa kwa vidole.

Drili izunguke polepole. Skrubu nyeusi za daraja la 12.9 ni chuma kigumu, na ncha ikizunguka kwa kasi inapata moto na kuwa butu kabla ya skrubu. Tone la mafuta, miwani usoni. Kisha jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipoanza: vumbi la chuma linafuata sumaku ya mota. Liliingia kwenye mota yangu ya kwanza likakwaruza kila kitu. Siku hizi navua mota, au naifunika kwa utepe, na bodi ya umeme pia, kwa sababu chembe moja ikilala juu ya nyaya zake inatosha kuziunganisha.

Zile ncha za kutolea skrubu zilizokatika, zinazojichimbia kinyume, siziamini kwenye M3. Kwa unene huo ni nyembamba mno. Zikikatika ndani, na zinakatika, una kipande cha chuma kigumu kuliko drili yako.

"Chuma kisichoshika kutu ndicho imara zaidi"

Ukibadilisha skrubu utashauriwa ununue zinazong'aa. Kwa kuwa tuko kando ya ziwa, ushauri si mbaya, lakini zile za daraja la A2-70 zina nguvu ya megapaskali 700, wakati nyeusi za 12.9 zina 1,200. Kichwa cha ile inayong'aa ni laini, kwa hiyo kinalika upesi zaidi. Mimi naweka za kung'aa kwenye bodi na vifuniko vinavyolowa, na nyeusi kwenye mikono ya magurudumu na mota, nikizipaka grisi kidogo.

Ukirudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyumenyume hadi usikie inadondoka kidogo kwenye njia yake ya zamani, ndipo uifunge. Usipofanya hivyo inakata njia mpya, na baada ya mara tatu nne tundu lote limekuwa vumbi.

Na ukishuka madukani Makoroboi kutafuta nyingine, nenda na ya zamani mfukoni, pamoja na nati moja ya M3. Muuzaji akisema "hii ni ileile", izungushe kwa vidole kwenye nati hiyo kabla hujalipa. Ile ya vipimo vya inchi iitwayo 4-40, inayofanana na M3 kwa macho, inaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha inagoma.