Korobindo hajengi viota vya kuhadaa nyoka

Wiki hii nimesimamisha gari chini ya migunga ya Samburu iliyojaa viota vya ndege waitwao korobindo mara nne, na mara zote nne mgeni ameniambia lile lile: "Ndege hawa ni wajanja, wanajenga viota vya uongo ili nyoka apotee." Nashuku hadithi hii tumeianzisha sisi waongozaji wa watalii wenyewe.

Hakuna kiota cha uongo pale. Korobindo mwenye nyusi nyeupe hulala kiotani mwaka mzima, kila ndege chumbani kwake. Simama chini utazame juu: utaona matundu mawili yakielekea ardhini, kama kaptula iliyoanikwa kwenye kamba. Hicho ni chumba cha kulala. Adui akiingilia mguu huu, mwenye nyumba anachomokea ule. Kiota cha kutagia ndicho kilichozibwa mguu mmoja na kutandikwa nyasi laini na manyoya ndani.

Kwa hiyo hesabu nyingine ya wageni, "viota ishirini, jozi ishirini", nayo haisimami. Mti mzima unaweza kuwa wa kundi moja la ndege sita au saba, na wanaozaa humo ni jozi moja tu. Jike mkuu huatamia peke yake kwa takriban siku 14, mara nyingi mayai mawili. Waliobaki, wengi wao wanawe wa misimu iliyopita, huleta viwavi na panzi kwa makinda, hujenga, hufukuza kundi la jirani. Ukitaka idadi ya kweli, acha kuhesabu viota! Njoo saa kumi na mbili jioni, kaa kimya garini, uhesabu wanaoingia kulala. Nasema hivi kila siku, na kila siku wageni wanataka kurudi kambini mapema wakaoge.

Eti wanajenga magharibi mwa mti kwa kuogopa jua? Jua la alasiri, ambalo ndilo kali, linawapiga huko huko. Wanachokwepa ni upepo wa mashariki, unaofumua nyasi.

Na *mahali* katika jina lao la kisayansi, *Plocepasser mahali*, si Kiswahili. Lina asili ya Kitswana.

Halafu kuna kinda aliyeanguka. "Ukimshika, mama yake atamkataa." Hamkatai, harufu ya mkono wako haimsumbui. Kama hana manyoya na kiota unakifikia, mrudishe. Kama ameota manyoya na anarukaruka, mweke tawini uondoke, wenzake watamlisha. Usimdondoshee maji mdomoni, yataingia kwenye koo la hewa. Maji yake anayapata kwa wadudu anaolishwa. Juzi nililetewa mmoja ndani ya kikombe cha chai, mdomo umegandwa na ugali. Nilimsafisha kwa ncha ya kitambaa, nikapanda juu ya boneti, nikamsukumia kiotani. Miiba ilinichana mkono wote. Kabla sijashuka, korobindo wawili walikuwa tayari tawini, mmoja na panzi mdomoni.